Nyuzi 38 za bahari ya Jambiani

Kisa hiki kinahusu namba moja niliyoisoma mbele ya watu kabla sijaihoji. Ilikuwa barazani kwa shangazi yangu, Jambiani, kaskazi imekaza, na kikundi chake cha wakulima wa mwani kilikuwa kimekaa kusikiliza kile chombo changu cha kupima joto la maji, kilichokaa siku 9 baharini, kimesema nini. Nikafungua simu, nikapitisha macho kwenye safu ya namba, nikawaambia: maji yenu yanafika nyuzi 38.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Wote pale walikuwa wamekwisha kuona kotonii, moja ya aina mbili za mwani wanazolima, ikigeuka nyeupe matawini, ikilegea na kukatika kambani, na wote walijua kwamba joto lina mkono wake katika ugonjwa huo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya tangu hapo ni wanawake. Spinosamu, ile aina ya pili, huvumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Kotonii ina bei, ila haipendi maji ya moto. Mama mmoja akasema basi kotonii tuiache kabisa. Mwengine akasema tuhamie kwenye kina, maana yake kupata mashua, kupata fedha ya mashua, na kufanya kazi kwenye maji ya juu ya kichwa ilhali wengi wao hawakufundishwa kuogelea.

Namba ile ilikuwa ya uongo. Nimeandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wengi sasa wananunua bodi hizi ndogo za elektroniki na vihisi vya kupimia, wanachomeka kwenye kompyuta, wanaona namba inatoka, na wanaiamini kwa kuwa imetoka. Mimi niliiamini, na kidogo tu wengine wangelipa.

Chombo chenyewe ni kidogo. Bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo unayoiandikia programu mwenyewe), pawabenki, resista moja, yaani kizuizi cha umeme, ya omu 10,000 (omu ni kipimo cha uzuiaji huo), na themista moja iliyofungiwa ndani ya kikopo chembamba cha chuma cha pua, na waya wake wa mita 3. Kila kitu isipokuwa themista kimo ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula, lile la mfuniko wa kubana, lililofungwa kwenye kichwa cha boriti iliyosimikwa katikati ya shamba. Juu ya mchanga boriti inatoka zaidi ya mita 4. Lazima iwe hivyo, kwani kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, hufika karibu mita 4, na kopo linatakiwa libaki juu hata siku hizo. Ncha ya themista imefungwa kwenye kamba ya mwani, shubiri moja juu ya mchanga, mahali ambapo hata maji yakipwa sana hubaki maji ya kifundo cha mguu.

Themista ni resista inayobadilika kwa joto. Hii yangu ina omu 10,000 kwa nyuzi 25, na maji yakipata moto omu hupungua: kwa nyuzi 28 huwa karibu 8,760, kwa 33 karibu 7,070, kwa 38 karibu 5,750. Bodi haiwezi kusoma omu. Inasoma volti, na hata hizo haizisomi moja kwa moja: hulinganisha volti zilizopo kwenye mguu wake mmoja, uitwao A0, na volti 5 za bodi yenyewe, halafu hutoa namba kati ya 0 na 1023. Kwa hiyo themista hupangwa mstari mmoja na resista ya kudumu. Juu volti 5, kisha resista, kisha mguu A0, kisha themista, kisha graundi, yaani upande hasi. Resista na themista hugawana zile volti 5 kwa kadiri ya omu zao, na A0 huona fungu la themista. Maji ya nyuzi 28 hutoa 478. Ya nyuzi 33 hutoa 424. Ya nyuzi 38 hutoa 373. Hatua moja ya namba ni kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na kwa shamba la mwani hiyo inatosha na kubaki.

Programu huita analogRead, amri ya kusoma mguu, hupokea namba hiyo ghafi, huipitisha kwenye kanuni ya themista ya kugeuza omu kuwa nyuzi, na amri ya Serial.println hurusha jibu kwenye waya wa USB. Mimi huisoma kwa simu, kwa kile kiunganishi kidogo cha OTG, kinachoiwezesha simu kupokea waya wa USB, na programu ya kuonyesha siriali, yaani maandishi yanayotumwa na bodi. Siku ya kwanza simu ilionyesha mikwaruzo isiyosomeka, kwa sababu bodi ilikuwa inatuma kwa kasi ya 9600 na simu imewekwa 115200. Ukizilinganisha, maandishi yananyooka. Hilo ni dogo.

Kubwa ni hifadhi. Hakuna mtu wa kukaa juu ya boriti usiku na mchana, kwa hiyo bodi huweka vipimo kwenye ile kumbukumbu ya kudumu iliyomo ndani ya ATmega328P, chipu iliyo ubongo wa bodi, kumbukumbu ambayo haifutiki umeme ukikatika. Ni baiti 1,024 tu. Mimi nilitaka kipimo kila robo saa, yaani 96 kwa siku. Namba ghafi moja inataka baiti 2, na kwa hesabu hiyo nafasi inajaa baada ya siku 5 na kidogo. Nyuzi zilizokwisha kukokotolewa na kukatwa kuwa namba kamili zinaingia kwenye baiti 1, nami napata siku 10 na zaidi. Nikachagua siku 10. Niliona nimefanya la maana. Kumbe nilikuwa nimetupa ushahidi baharini na kubaki na hukumu peke yake.

(Kwa atakayejaribu: Uno hujiwasha upya kila ukifungua siriali juu yake. Kama programu yako inaanza kuandika kumbukumbu kutoka nafasi ya kwanza kila inapowaka, utafika kuchukua data na wewe mwenyewe ndiye utakayeifunika. Ya kwangu huanza kwa kutafuta nafasi ya kwanza iliyo tupu, na haiandiki juu ya iliyojaa mpaka niifute kwa makusudi. Na pawabenki nyingine hujizima zenyewe zikiona bodi inakula umeme mdogo. Jaribu nyumbani usiku mzima kabla hujaipeleka majini.)

Sasa turudi kwenye 38. Tulisimika boriti wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, kwa kuwa ngalawa hutulia vizuri siku hizo. Siku za mwanzo vipimo vilikuwa vya kawaida: 27, 28, mchana 30. Halafu bamvua ikaingia, na kila siku kikatokea kilele cha 38 kwenye saa kumi jioni. Saa yenyewe ndiyo iliyonishawishi. Jua la kaskazi linapiga tangu asubuhi, maji yanakusanya moto, jioni yanafika kilele. Ilikuwa hadithi iliyokamilika, na nikaipeleka barazani.

Usiku ule, nimerudi mjini, nikaisoma orodha nzima mstari kwa mstari badala ya vilele tu. Saa kumi jioni 38. Saa kumi alfajiri 38.

Alfajiri hakuna jua. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Nilianza kushuku pale ninapopajua zaidi, yaani programu. Kwenye Uno namba ya kawaida haivuki 32,767, na mtu akizidisha kipimo kwa mia bila kuangalia, hesabu hufurika na kutoa namba ya ajabu. Yangu yote ilikuwa imeandikwa kwa namba zenye desimali. Nikaikokotoa kwa mkono, ikatoka sawa.

Nikahamia kwenye pawabenki. Wazo lilikuwa kwamba volti zikishuka, kipimo kinayumba. Nikawasha bodi kwa laptopu, mita ya umeme ikasoma volti 5.06, nikaiwasha kwa chaja iliyochoka, mita ikasoma 4.71. Themista ikiwa ndani ya glasi moja ya maji, namba ghafi haikutoka zaidi ya hatua moja. Na ndivyo inavyotakiwa iwe, nami ningelikumbuka ningejiokolea jioni nzima: ile volti inayogawanywa na resista na themista ndiyo hiyo hiyo bodi inayoilinganisha nayo. Ikishuka, zote mbili zinashuka pamoja, na uwiano unabaki. Ingekuwa kihisi kinachotoa volti zake chenyewe, kama LM35 inayotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, hapo maji ya nyuzi 28 yangeonekana 30 kwa sababu ya chaja mbovu tu. Kwa themista iliyopangwa hivi, pawabenki haikuwa na hatia.

Nikashuku themista yenyewe. Nikaitumbukiza kwenye ndoo pamoja na kipimajoto cha kioo, maji ya baridi, maji ya uvuguvugu, maji ya moto kidogo. Ikafuata kipimajoto kila mara. Nikakaa nayo saa 3. Haikukosea hata mara moja.

Basi nikarudi Jambiani na kumwambia shangazi ukweli: ile namba sina hakika nayo, nataka tukaiangalie maji yakiwa yamejaa. Akajifunga kanga, akamwita binamu yangu mwenye ngalawa, tukatoka baada ya sala ya alasiri. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kopo limebaki kama hatua moja juu ya uso wa bahari. Binamu akashika boriti, mimi nikachomeka simu.

"Inasema ngapi?" shangazi akauliza.

"Thelathini na nane, shangazi."

Akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Mwili wa mtu mzima una nyuzi 37. Maji ya 38 mkononi huwa kama maji ya kuogea mtoto. Nami nikatia wangu. Yalikuwa ya kupoza.

"Baba, haya ni maji mapya," akasema. "Yameingia sasa hivi kutoka nje ya mwamba. Maji yakijaa hupoa. Moto wetu sisi ni yakipwa, saa tano, saa sita, ukikanyaga unaona nyayo zinachoma. Hiyo namba yako inakwenda kinyume."

Kisha akataka nimsomee saa za vile vilele, siku moja baada ya nyengine. Nikasoma. Siku hii saa kumi kasorobo, iliyofuata kwenye saa kumi na nusu, iliyofuata saa kumi na moja na robo. Hakunisubiri nimalize. "Hizo ni saa za maji. Jua halichelewi kila siku."

Maji hapa hujaa mara mbili kwa siku na huchelewa kama dakika 50 kila siku, na kila mkulima wa mwani ana saa hiyo kichwani mwake kwa sababu ndiyo inayomwambia ashuke pwani wakati gani. Mimi nilikuwa na vipimo mia kadhaa vyenye saa zake na sikuliona. Yeye alisikia saa tatu tu.

Jioni ile ile nikabadilisha programu. Nyuzi nikaziondoa kwenye hifadhi, nikaweka namba ghafi kwa baiti zake 2, siku 5 zikatosha. Kwenye siriali nikaagiza itoe zote mbili, ghafi kwanza na nyuzi baadaye, ili jicho lizoee ya kwanza. Siku mbili baadaye tukachukua hii. Saa ni kama zinavyoandikwa kwenye simu, kwa hiyo 15:00 ni saa tisa mchana:

14:30   474   28.4
14:45   475   28.3
15:00   391   36.3
15:15   378   37.6
15:30   373   38.1

Tazama 14:45 na 15:00. Bahari haipandi nyuzi 8 kwa robo saa, tena wakati maji ya nje yanaingia. Mstari wa kweli wa joto la maji huinama polepole kama mgongo wa jahazi. Huu ulikuwa ngazi. Tena vipimo vya kabla ya ngazi vilikuwa vinashuka taratibu, maji yanapoa, kama shangazi alivyosema.

Na sasa, kwa kuwa nilikuwa na namba ghafi, niliweza kurudi nyuma mpaka kwenye omu. Namba 475 ni omu 8,650 hivi. Namba 373 ni omu 5,730. Ukiuliza ni resista ya omu ngapi iliyowekwa sambamba na ile ya kwanza ikaishusha mpaka ya pili, jibu ni karibu omu 17,000. Nyuzi zilikuwa zimelificha jambo hili. Ukiambiwa 38, unatafuta kilichopasha maji, na sababu za joto ni nyingi. Ukiambiwa omu 17,000 zimejitokeza ghafla sambamba na themista, na zinakuja na maji na kuondoka na maji, unatafuta njia ya pili ya umeme kati ya nyaya mbili. Na ndani ya bahari njia ya pili ya umeme ni bahari.

Waya wa themista ulikuwa mita 3. Kopo liko juu ya mita 4. Nilikuwa nimeuunga.

Kiungo kilikuwa kwenye kimo cha karibu mita 2.7 juu ya mchanga. Maji mafu hayakifikii hata yakijaa, ndiyo maana siku za mwanzo zilikuwa safi. Bamvua hukifunika kwa muda wa saa 3 na nusu hivi, mara mbili kwa siku, mchana na usiku. Na kwenye ndoo nyumbani nilitumbukiza ncha tu. Kiungo kilikuwa kimelala juu ya meza, kikavu, ndani ya saa zote zile 3 nilizokuwa nakisifu kihisi kwa uaminifu.

Bado nilitaka kuona kwa macho kabla ya kukata chochote. Tukatoka tena na ngalawa, simu imechomekwa, vipimo vinatoka kila sekunde. Nikaufungua waya kwenye boriti, nikakivuta kiungo kutoka majini bila kuigusa ncha iliyokuwa chini kabisa. Namba ikasimama 381. Nikakikung'uta. 394. Shangazi akakishika kwa ncha ya kanga, akakikamua kama anavyokamua kitambaa, na namba ikaanza kupanda mbele yetu: 417, 440, 455, 461. Akakirudisha majini kwa mkono wake mwenyewe. 430. 402. 388.

"Basi ni hapa," akasema.

Nikakata kiungo pale pale nikakipeleka nyumbani. Nje kilionekana kizuri: tepu nyeusi ya umeme, mizunguko mingi, na gundi ya plastiki juu yake. Nilipokichana kwa wembe, tepu ilitoka kwa urahisi kama ganda la ndizi bivu, na chini yake kulikuwa na unyevu uliokwisha kuwa chumvi. Nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa kila moja na mwenzake, lakini viungo vyao viwili vilikaa ubavu kwa ubavu, upana wa punje ya mchele kati yao. Shaba ya upande mmoja ilikuwa bado ina rangi yake. Ya upande wa pili ilikuwa ya kijani na ikavunjika nilipoikunja. Huo ndio upande uliokuwa unapata umeme chanya. Mkondo mdogo ulikuwa unapita kwenye maji ya chumvi tangu siku ya kwanza ya bamvua, nao unaila shaba. Wiki tatu zaidi na waya ungekatika, na hapo bodi ingesoma karibu 1023, ambayo kanuni yangu ya nyuzi ingeigeuza kuwa baridi kali isiyojulikana katika bahari hii. Hilo angalau mtu yeyote angelicheka. Namba mbaya ni ile inayofanana na kweli.

Kwa hakika ya mwisho nilijaribu kiungo kama kile kwenye ndoo mbili, moja ya maji ya mvua na moja ya maji ya bahari, yote ya joto moja. Kwenye maji ya mvua namba iliteremka hatua kama 15. Kwenye maji ya bahari iliteremka karibu 90. Mtu anayejaribu chombo chake cha baharini kwa maji ya bomba hajakijaribu.

Matengenezo yalichukua siku moja. Nimenunua waya wa nyuzi nne ndani ya ganda moja, wa nje wenye mpira mzito. Kila uzi nimeulehemu peke yake, na viungo nimevipishanisha, kimoja huku kingine upana wa vidole vitatu mbele yake, ili hata maji yakiingia yasikute viwili vinatazamana. Kila kiungo nimekivika mpira unaobana ukipashwa moto, ule wenye gundi ndani. Kisha vyote nimeviingiza kwenye kipande cha bomba la plastiki na kulijaza epoksi, gundi inayoganda, mpaka likawa jiwe. Tepu sikuigusa.

Volti 5 za themista hazitoki tena moja kwa moja kwenye bodi. Zinatoka kwenye mguu namba 7, ambao programu huuwasha, husubiri milisekunde 5, husoma, huuzima. Kwa robo saa nzima waya unalala bila umeme, na hata siku maji yatakapopenya, shaba haitaliwa mchana na usiku. Sharti moja: sasa kinacholinganishwa ni volti za mguu 7 dhidi ya volti 5 za bodi, na mguu huo hupoteza kidogo sana kwa mkondo mdogo kama huu, chini ya nusu ya miliampia, kwa hiyo uwiano haukuharibika. Nilipima kabla na baada, namba hazikuachana.

Ninachokithamini zaidi ni zile nyuzi mbili zilizobaki za waya. Nimezipitisha ndani ya bomba lile lile la epoksi na kuziacha humo zimekatwa, hazigusani, hazina themista wala chochote. Kwa juu, moja imekwenda graundi na nyengine kwenye mguu A1, na resista ya omu 10,000 kutoka mguu 7. Hazina kazi isipokuwa kushuhudia. Kiungo kikiwa kikavu, A1 lazima isome 1023 au hapo hapo. Zikipenya zile omu 17,000 tulizozikuta, itaporomoka mpaka kwenye 645. Siriali sasa hutoa safu tatu, na ya kwanza kabisa ni ya shahidi, kwa sababu kama yeye amesema maji yameingia hakuna haja ya kusoma nyengine.

Bamvua iliyofuata tuliiacha ipite yote, siku 5. Shahidi alisoma 1023 na mara chache 1022. Ngazi haikuonekana tena. Maji yalipojaa jioni, 478, nyuzi 28. Alfajiri hivyo hivyo, kidogo chini yake. Na moto ulikuwepo, mahali pake. Siku ya kwanza ya bamvua, yalipokupwa kwenye saa nne asubuhi, nyuzi 31. Siku ya nne, kupwa kumesogea mpaka kwenye saa saba mchana, jua liko kichwani na maji bado ni ya kifundo: namba 413, nyuzi 34. Joto hilo lilidumu kwa muda wa kama saa moja na nusu, mpaka maji mapya yalipoanza kuingia.

Nilikwenda tena barazani. Niliwaambia kwanza kwamba 38 haikuwa kweli na kwamba kosa lilikuwa la kiungo nilichokifunga mimi. Kisha nikasoma 34 na saa yake. Safari hii hawakunyamaza. Waliitikia kabla sijamaliza, maana siku zile tatu au nne za mwisho wa bamvua wao huziita kwa jina la uchovu tu, siku ambazo kazi haifanyiki mchana. Swali lao lilikuwa moja: kwenye lile bonde la kusini ya shamba, ambako maji hubaki ya goti hata yakipwa, namba ni ngapi?

Sina jibu la hilo bado. Kamba 10 za kotonii zimeshahamishiwa kule, spinosamu imebaki palepale, na shangazi amekwisha pata boriti ya pili. Tutaisimika maji mafu yajayo, na waya safari hii nimenunua mrefu, hauna kiungo hata kimoja.